Ngazi za Madaraka katika Jumuiya za Kujitolea za Mtandao

Kila jumuiya ya watu wanaofanya kazi kwa hiari hukabiliwa na swali hili: nani apewe uwezo wa kuwazuia wenzake, na kwa kiasi gani? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mfano wa Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001 na ambayo huandikwa na watu wasiolipwa. Toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003.

1. Asili ya ngazi

Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha Nupedia, ambamo maandishi yote yalipaswa kupita hatua 7 za ukaguzi. Hadi ilipofungwa mwaka 2003, makala yaliyokamilika hayakufika 30. Wikipedia ilifuata njia ya kinyume: kila msomaji aliruhusiwa kuandika na kusahihisha papo hapo. Kazi ilikwenda kwa kasi, lakini waharibifu nao walipata mlango. Ndipo ilipolazimu baadhi ya nyenzo zikabidhiwe watu wachache.

2. Mpangilio wake

Katika Wikipedia ya Kiingereza, mtu aliyejiandikisha hutimiza siku 4 na masahihisho 10 kabla ya kuruhusiwa kubadili kurasa zenye kinga ndogo. Juu yake yupo msimamizi, ambaye katika toleo la Kiswahili huitwa mkabidhi. Huyu aweza kufuta ukurasa, kuukinga usibadilishwe, na kumfungia mtumiaji. Wapo tena wanaotoa cheo hicho baada ya jumuiya kujadiliana, na wapo wasimamizi wakuu wanaohudumia matoleo ya lugha zote, ambao huchaguliwa kila mwaka.

Kanuni iliyomo ni rahisi. Kitendo ambacho madhara yake hurekebishika upesi huachiwa wote. Chenye madhara mazito huachiwa wachache. Ndivyo ilivyo katika maabara ya shule: kila mwanafunzi hushika bika, lakini ufunguo wa kabati la asidi hukaa kwa mwalimu. Sentensi mbovu hufutwa kwa dakika moja. Mwandishi aliyefungiwa pasipo haki huenda asirudi kamwe.

3. Hatari yake

Ikumbukwe kwamba mwenye ufunguo aweza kujifanya mwenye nyumba. Katika Wikipedia ya Kikroatia kikundi cha wasimamizi kiliwafungia waliotofautiana nacho, na kurasa za historia zikaandikwa kwa upendeleo wa kitaifa. Mwaka 2013 Waziri wa Elimu wa Kroatia, Željko Jovanović, aliwashauri wanafunzi wasiitegemee. Hata hivyo hali hiyo iliendelea hadi mwaka 2020, na taarifa ya uchunguzi ilitolewa mwaka 2021 na Wakfu wa Wikimedia.

Ngazi zilikuwapo, lakini hazikuzuia maovu hayo. Sababu ni kwamba waliopaswa kusimamiana walikuwa kundi moja, na waliopinga walikuwa wamekwisha kuondolewa, hivyo hawakuweza kupiga kura. Jumuiya ndogo huwa katika hatari zaidi, kwa kuwa vyeo vyote huweza kuangukia mikononi mwa watu wale wale.

4. Hitimisho

Kuondoa ngazi zote si dawa, kwani jumuiya isiyo na walinzi hutawaliwa na mwenye kelele nyingi. Yafaa ngazi ziwepo, ila kwa masharti matatu. Kwanza, cheo kiwe ruhusa ya kutumia nyenzo, kisiwe haki ya kushinda katika mabishano ya maarifa. Pili, kila tendo la msimamizi liandikwe mahali ambapo wote wataliona. Tatu, awepo mtu wa nje ya kundi mwenye uwezo wa kumvua cheo. Kwa sababu hiyo wasimamizi wakuu wa Wikipedia huepuka kuamua mambo ya toleo ambalo wao wenyewe huliandikia. Ngazi isiyo na njia ya kushukia haifai kupandwa.

Maswali

1. Eleza kwa nini uwezo wa kufungia mtumiaji ni mzito kuliko uwezo wa kusahihisha sentensi.
2. Ni sharti lipi kati ya yale matatu lililokosekana zaidi katika mfano wa Kroatia? Toa sababu.
3. Linganisha ngazi hizi na uongozi wa viranja shuleni. Kiranja anayeonea wenzake huondolewa na nani?