Kupanga Mfululizo wa Masomo ya Afya

Katika azimio la kazi, mada inayotangulia haina budi kuiandalia njia ile inayofuata. Tuchukue mfano wa kichocho, katika shule iliyo kando ya mto Ngerengere, uteremkao kutoka milima ya Uluguru na kuingia Ruvu.

Mara nyingi wanachuo huanza na kinga: "Msiogelee mtoni." Mtoto huikariri amri hiyo darasani, na jua likipanda huivunja, kwa kuwa hakuielewa sababu yake. Twapendekeza utaratibu huu:

(a) Wiki ya kwanza: hali ilivyo. Wanafunzi wahesabu vyoo na mahali pa kuchotea maji, bila kuingia majini, kisha wachore ramani ya kijiji.

(b) Wiki ya pili: chanzo. Mayai ya minyoo hutoka pamoja na mkojo na kuanguliwa majini; viluwiluwi vyake hukua ndani ya konokono, kisha hupenya ngozi ya binadamu.

(c) Wiki ya tatu: kinga. Wanafunzi wenyewe waonyeshe kwenye ramani wapi mzunguko huo ukatwe.

Mtoto mwenye damu katika mkojo asingoje wiki ya tatu. Apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kuaibishwa.

Hata wasomao shahada ya uzamili ya afya ya jamii hujifunza takwimu na epidemiolojia, ili ushauri utanguliwe na ushahidi. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, vikundi vilisikiliza redio na kujadiliana, ndipo vikachimba vyoo.

Zoezi: Andaa azimio la wiki tatu juu ya malaria kwa Darasa la Tano. Eleza sababu ya kila hatua kushika nafasi yake.