Mafunzo Niliyopata Juu ya Dungu

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la tano Ilongero, na kuanzia mwezi wa tano hadi mtama ulipokatwa nilikuwa na kazi ya kuamia ndege. Siku za shule zamu ya asubuhi ilikuwa ya bibi na ya jioni yangu. Jumamosi na Jumapili nilishinda juu ya dungu tangu alfajiri. Kwelea kwelea hula asubuhi na jioni, jua la mchana hulikwepa kwenye miti ya miiba. Ukisinzia saa kumi na mbili na nusu, umeliwa.

Silaha yangu ilikuwa manati: panda ya mkole, mpira wa tyubu ya baiskeli, na ulimi wa kiatu kikuukuu wa kushikia gololi. Mwalimu wangu alikuwa babu mzaa mama, ambaye ujana wake aliupoteza (neno lake mwenyewe) kwa kuwabebea mizigo wawindaji wa Kizungu. Mmoja wao alikuwa na bunduki ya kukokiwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio, jamii ya ile Winchester ya 1895 ambayo Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alikuja nayo Afrika Mashariki mwaka 1909 kuwindia simba. Kilichomkaa babu akilini si bunduki. Ni yule Mzungu kukaa hemani usiku akijaza risasi zake mwenyewe, anapima baruti kwa kimizani kidogo, punje kwa punje, kila risasi pacha wa mwenzake. Mambo hayo kwetu ni ya wenye vibali. Kujitengenezea risasi bila kibali ni kosa la jinai, wala simshawishi mtu. Babu aliuchukua mtindo akauhamishia kwenye udongo.

1. Usiulaumu mkono kabla hujaitazama gololi

Wiki mbili za kwanza nilirusha kokoto nilizookota njiani. Moja inapita juu, nyingine inadondoka nusu ya safari, ya tatu inakata kona kama swala. Nikajiona sina shabaha. Babu akanyoosha kiganja, nikamwagia kokoto zangu, akazigeuzageuza. "Mjukuu wangu, hapa kuna bunduki kumi. Wewe unajifunza ipi?"

Sikumwelewa siku hiyo.

2. Udongo una masharti yake

Tulichimba udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaonata. Tukautwanga, tukauchekecha kwa chujio bovu la chai, maana kijiwe kimoja ndani ya gololi huivuta upande mmoja nayo ikaenda inayumba. Tukauloweka usiku kucha, asubuhi tukaukanda mpaka ukaacha kushika vidole. Kisha kufinyanga, na hapo ndipo nilipodhani kazi imekwisha. Nilifinyanga gololi arobaini kwa jicho, zikanipendeza.

Babu akachukua ujiti, akaufunga uzi katikati, na kila ncha akaning'iniza kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka. Akachagua gololi moja, iliyozidi kidogo ile ya kioo ya kuchezea, akaiweka upande wa kushoto. Hiyo ndiyo mama. Zangu arobaini zikapita kulia moja moja. Ikizama, banua kidogo. Ikipaa, ongeza chembe. Katika arobaini, zilizokubaliana na mama bila kuguswa zilikuwa sita. Macho yangu yalikuwa yamenidanganya mara thelathini na nne, nami nilikuwa nimeapa zinafanana.

Kukausha nako kuna adabu yake. Nilizianika juani ili ziwahi. Nje zikakauka ndani zingali mbichi, zikapasuka nyufa, nyingine zikafanya ubapa upande uliolalia. Fungu la pili tulilianika kivulini juu ya majivu makavu, nikawa nazigeuza asubuhi na jioni kwa siku nne. Zikikauka hupungua uzito, lakini za udongo mmoja, zilizokandwa siku moja, hupungua kwa mwendo mmoja. Ndiyo sababu hatukuchanganya fungu la wiki hii na la wiki iliyopita, hata zikitoshana mizanini.

3. Badilisha kitu kimoja tu

Singida mtu hakosi jabali. Nyuma ya nyumba lilikuwepo moja lenye uso ulionyooka kama ukuta. Babu alichora duara la ukubwa wa sahani kwa mkaa, akahesabu hatua ishirini, akaniambia nipige tano bila kurekebisha chochote, hata kama ya kwanza imekosa. Uzuri wa gololi ya udongo mkavu ni kwamba ikigonga jabali huvunjika na kuacha doa la vumbi, kwa hiyo huna la kubishia.

Kokoto zangu zilikuwa zimeacha alama zilizotawanyika zaidi ya shubiri tatu. Gololi za mizani zikakaa ndani ya shubiri moja. Lakini zote zilikuwa chini ya duara! Nikavuta mpira zaidi, nikapandisha mkono na kubadilisha gololi, vyote kwa mkupuo, madoa yakatawanyika upya nisijue kosa liko wapi. Hapo babu alikasirika kweli. Ukibadilisha vitatu, alisema, jabali litakujibu kwa lugha tatu.

Tukarudi mwanzo. Tulijaribu saizi tatu, kila moja gololi tano, mvuto uleule, wa mpaka chini ya sikio. Ndogo zilifika juu lakini upepo ulizichezea. Na upepo wa huku si wa mchezo, wataalamu wamekuja kuupima kwa ajili ya umeme. Kubwa zilinyooka ila zilidondoka mapema. Za kati zikakaa pamoja, chini kidogo ya duara. Tukazichagua hizo, nikajifunza kulenga juu kwa upana wa vidole vinne. Afadhali gololi zinazokosa mahali pamoja kuliko zinazopata kwa bahati.

4. Mpira una saa zake

Hili nililigundua mwenyewe. Asubuhi za mwezi wa sita huku ni baridi, na mpira wa tyubu huwa mkavu, mzito kuvutika. Saa tisa alasiri umelegea. Gololi ileile, mkono uleule, tofauti shubiri nzima. Nikawa nalala na manati ndani ya shuka. Bibi alicheka, ila saa kumi na mbili asubuhi mpira ulikuwa na joto langu.

5. Kokoto ina deni

Siku gololi zilipokwisha nilirudia kokoto. Iligonga jabali, ikaruka pembeni, ikatoboa mtungi wa jirani uliojaa maji. Tulilipa jogoo, na kwa mtu wa Singida jogoo si kitu cha kutoa kwa kicheko.

6. Usimlenge ndege

Kwelea mmoja hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Piga hesabu: ndege 10,000 humaliza gunia la kilo 100 kwa siku moja, na kundi la 10,000 ni dogo. Ukimwangusha mmoja umefanya nini? Nilikuwa najivunia watatu niliowapata, babu akavitazama vile vinyoya akaniuliza wangapi wamebaki.

Akaenda pembe ya mbali ya shamba, upande kundi linakotokea, akasimamisha nguzo na kulitundika debe tupu la bibi. Hatua arobaini kutoka kwenye dungu. Kundi linapozunguka na kuanza kushuka, kabla miguu haijagusa suke, piga debe. Mlio unatokea wasikotegemea, kundi zima linapinduka kama shuka inayokung'utwa. Ukichelewa kidogo wameshatua, na waliokwisha kutua hawajali sana kelele. Ukikosa, huna muda wa kupakia ya pili. Ndipo nilipoelewa mizani ya vifuniko ilikuwa ya nini.

Mwaka ule bibi alivuna magunia saba. Debe lilikuwa limebonyea upande mmoja, likamgomea kupimia nafaka, akalifanya la kunyweshea kuku. Wewe unayewatuma watoto kuamia msimu ujao, wafinyangie udongo. Kokoto waachie wajenzi.