Hofu ya mahojiano ya kazi: Tulia bila kuazima tembe

Umetuma maombi ya kazi kwa miezi mingi na hatimaye umeitwa kwa mahojiano. Lakini badala ya furaha, usingizi umekupaa, tumbo linavuruga na moyo unakwenda mbio kila ukiikumbuka siku yenyewe. Wagonjwa wengi wa aina hii hufika kwangu na ombi moja: "Daktari, nipe tembe ya kunituliza."

Elewa kwanza kwamba huo si ugonjwa. Ubongo unapohisi hatari, huziamrisha tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo kutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga kwa kasi, pumzi huwa fupi, kinywa hukauka na viganja hulowa jasho. Mwanasayansi wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mwaka wa 1915 kwamba hivyo ndivyo mwili unavyojiandaa kupigana au kutoroka. Kwa mwili wako, jopo la watu watatu mezani ni sawa na simba. Hofu kidogo hukufaa, kwani huifanya akili iwe macho. Taabu huanza inapozidi.

Hatari ya tembe za kuazima

Baadhi ya watu humeza tembe walizopewa na rafiki. Usijaribu. Dawa za jamii ya Valium hupunguza wasiwasi, lakini pia huleta usingizi na kuvuruga kumbukumbu. Utatulia, naam, lakini swali litakukuta akili imelala.

Propranololi, ambayo hupunguza mapigo ya moyo, inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu hadi maisha yake yawe hatarini. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, inaweza kuficha mapigo ya kasi yanayomwonya kwamba sukari imeshuka mno. Dawa iliyomfaa jirani yako huenda ikakudhuru wewe. Pombe na miraa pia si tiba: pombe hulegeza ulimi na akili, nayo miraa huzidisha mbio za moyo.

Ufanye nini?

1. Fanya mazoezi mapema. Siku kadhaa kabla, mwombe ndugu au rafiki akuulize maswali, nawe umjibu kwa sauti. Jambo lililozoeleka halitishi sana.

2. Usiku wa kuamkia mahojiano, andaa nguo na vyeti, kisha funga vitabu na ulale mapema. Kukesha ukisoma hukuongezea uchovu tu.

3. Asubuhi usiende na njaa. Uji, yai au ndizi vyatosha. Kama hukuzoea kahawa, usiianze siku hiyo, maana huweza kuongeza mtetemeko wa mikono.

4. Ondoka mapema. Anayetoka Githurai kwenda Upper Hill anajua msongamano wa magari ulivyo. Ukifika ukihema, adrenalini imekutangulia.

5. Ukisubiri kuitwa, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lifure. Itoe polepole ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika tano. Kutoa pumzi polepole huamsha neva inayotoka ubongoni hadi moyoni, nayo hupunguza mwendo wa moyo. Jizoeze nyumbani kwanza.

6. Ukiwa ndani, usikimbilie kujibu. Kuomba swali lirudiwe si aibu. Mwenda pole hajikwai.

Muone daktari iwapo hofu imedumu kwa wiki kadhaa, inakuzuia kulala au kula, au imekufanya ukwepe mahojiano kabisa. Maumivu ya kifua au kuzirai kusisubiri: nenda hospitalini mara moja. Hofu ya aina hiyo inatibika, mara nyingi kwa ushauri nasaha, na pale dawa inapohitajika, daktari ataipima kulingana na afya yako. Usiache nafasi ya kazi ikupite kwa sababu ya hofu unayoweza kutibiwa.