Kati ya Mtihani na Kidato cha Kwanza

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi huchukua siku mbili tu za Septemba: masomo sita, kila somo alama 50. Jioni ya siku ya pili mtoto wa darasa la saba hurudi nyumbani, sare inafuliwa na kutundikwa, na kuanzia hapo neno analolisikia kila siku ni "subiri matokeo." Hata yakitoka, ataendelea kusubiri shule mpaka Januari. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu isiyo na mwenyewe. Walimu wa msingi wamemaliza naye, wa sekondari hawajamwona, na sisi wazazi hudhani kazi yetu imeishia kwenye pesa ya tuisheni na dua ya asubuhi ya mtihani.

Makala hii ni kwa ajili ya familia zilizo katika miezi hiyo, pamoja na zile ambazo watoto wao wadogo wanapanda darasa mwaka ukiisha. Mtoto akielezwa mapema kitakachobadilika, akapewa na kazi yake mwenyewe katika maandalizi, huingia Januari na hofu ya kawaida, ile inayopita baada ya wiki mbili. Asipoelezwa, hujielezea mwenyewe kwa maneno ya mtaani.

Na maneno hayo tunayajua. Kwamba kidato cha kwanza huonewa na wakubwa, kwamba walimu wa sekondari hutoa notisi tu wakaondoka, kwamba hesabu zake hazishikiki. Wakati mwingine yanatoka vinywani mwetu: "Ngoja ufike huko, utanyooka." Tuiache kauli hiyo. Inamwambia mtoto kwamba anapelekwa kwenye adhabu, na mtu anayepelekwa kwenye adhabu hajiandai.

Mtoto wa miaka 13 hapendi kikao. Ukimwita sebuleni mzungumze kuhusu maisha yake, atajibu "sawa baba" na "ndiyo mama" mpaka mchoke wote. Ongea naye mkichambua mchele, mkipalilia, mkisubiri daladala. Muulize swali dogo: angependa apangwe shule moja na nani? Anaogopa nini zaidi, kutembea peke yake au kukosa wa kukaa naye? Kisha msikilize bila kumsahihisha. Mtafutie pia msimulizi anayemwamini, kama binti wa jirani aliye kidato cha pili. Huyo anajua yale ambayo mzazi hayajui: kengele ya kwanza inalia saa ngapi, chakula cha mchana kikoje, mwalimu yupi anasikiliza shida za wanafunzi.

Mpe nafasi ya kuaga. Mahafali yana hotuba na picha, lakini mtoto anahitaji kuaga watu: mwalimu aliyemfundisha kusoma, mama anayeuza maandazi getini, rafiki anayehamia mkoa mwingine. Kama rafiki huyo hana simu, andikeni namba ya mzazi wake mahali pasipopotea.

Lugha ikibadilika

Kwa mtoto anayetoka shule ya msingi ya Serikali, badiliko zito kuliko yote ni hili. Miaka saba amejifunza sayansi na hisabati kwa Kiswahili. Januari, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Jiografia zinamjia kwa Kiingereza, kila moja na mwalimu wake. Yanayobaki kwa Kiswahili ni somo lenyewe la Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili. Mtoto aliyezoea kunyoosha mkono ananyamaza, na mwezi ukiisha anaanza kujiona hana akili. Akili anazo. Jinsi mmea unavyojitengenezea chakula anajua, mzunguko wa damu anaujua. Kinachomkwamisha ni majina.

Kwa hiyo mpe daftari moja Septemba hiyo hiyo, na kitabu chake cha sayansi cha darasa la saba asikigawe. Kila siku achague mambo machache anayoyaelewa vizuri, atafute majina yake ya Kiingereza kwenye kamusi au kwa mtu anayejua, na atunge nayo sentensi fupi. Ajifunze pia yale maneno ya maagizo yanayotawala kila swali la mtihani: eleza, taja, linganisha, kokotoa. Maneno kumi aliyoyaelewa yanamfaa kuliko kurasa tano alizonakili.

Wazazi wengi hujiondoa hapa kwa kusema, "Mimi Kiingereza sijui, nitamsaidia nini?" Unaweza kumsaidia sana. Shule ikishaanza, mwambie kila jioni akueleze kwa Kiswahili jambo moja alilofundishwa kwa Kiingereza. Akikueleza ukaelewa, ameelewa. Akijikanyaga, basi alikariri, na amekwisha jua la kumuuliza mwalimu kesho. Kazi hiyo haihitaji cheti. Inahitaji robo saa na mzazi asiyecheka mtoto anapokosea.

Kuna pia madarasa ya kujiandaa na kidato cha kwanza yanayofunguliwa karibu kila mtaa mara baada ya mtihani. Kabla ya kulipa, uliza wanafundisha nini. Wanaofundisha lugha, kusoma na kuandika, wanastahili pesa yako. Wanaokimbiza mada za kidato cha kwanza ili mtoto aonekane ametangulia, mimi nisingewapa. Mada hizo atafundishwa upya Januari, na kilichomkwamisha tangu mwanzo kitakuwa palepale.

Matokeo na shule aliyopangiwa

Baraza la Mitihani hutangaza matokeo kabla ya mwaka kuisha, kisha TAMISEMI hutoa orodha za waliochaguliwa, zikiwa zimepangwa kwa mkoa, halmashauri na shule anayotoka mtoto. Kabla ya siku hiyo, mwambieni mtoto mtafanya nini akifaulu na mtafanya nini asipofaulu. Mwaka 2024 waliofaulu walikuwa asilimia 80.87, maana yake karibu mtoto mmoja katika kila watano hakufaulu. Ni watoto wengi mno hao kwa mzazi kusema "wangu haiwezekani." Asiyefaulu ana njia: Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina masomo ya sekondari nje ya mfumo rasmi, na vyuo vya VETA vina fani ambazo mhitimu wa darasa la saba anaweza kujifunza. Ulizieni Oktoba, mkiwa na utulivu, msingoje siku ya kilio.

Akichaguliwa shule ya kutwa iliyo mbali, itembeeni njia hiyo pamoja kabla ya Januari, saa ileile atakayotembea. Mtaona wapi pana giza, wapi pana mto unaojaa masika, nani mwingine anaelekea huko. Unganisheni watoto wawili au watatu waongozane. Nisilokubaliana nalo ni binti wa miaka 13 au 14 kupangishiwa chumba peke yake karibu na shule, hata kama kodi ni ndogo na mwenye nyumba ni mtu wa dini. Ulizeni kwanza kama shule ina hosteli, tafuteni ndugu mnayemwamini kweli, au waoneni mkuu wa shule na afisa elimu kata mzungumzie uhamisho. Kwa uhamisho mtaulizwa namba ya PReM ya mtoto, yaani namba yake ya usajili wa mwanafunzi, kwa hiyo iandikeni mapema pamoja na jina lake kama lilivyosajiliwa. Kama herufi za jina hazilingani na cheti cha kuzaliwa, anzeni kushughulikia sasa, maana kosa hilo humfuata mtoto mpaka kwenye vyeti vya mbele.

Kuhusu fedha: ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne katika shule za Serikali ilifutwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, kuanzia Januari 2016. Sare, viatu, madaftari, na godoro au sanduku kwa wa bweni ni vya mzazi. Fomu ya kujiunga ikitoka, isomeni pamoja na mtoto, yeye akiwa ndiye anayeweka alama kwenye kilichopatikana. Lakini msiingoje fomu ndipo mwanze: kitu kimoja kila mwezi kuanzia Septemba ni rahisi kuliko vyote wiki ya mwisho ya Desemba, baada ya sikukuu. Na ikiwa Januari imefika na orodha haijakamilika, mpeleke mtoto siku ya kwanza na alichonacho, ukaongee na mkuu wa shule. Serikali imekuwa ikiagiza watoto wapokelewe hata bila sare. Wiki za mwanzo ndizo shule nyingi huzitumia kuwafundisha Kiingereza cha darasani. Anayeripoti Februari kwa sababu ya viatu amezikosa hizo.

Miezi hii pia ina hatari yake, hasa kwa wasichana. Msichana "amemaliza shule" machoni pa watu, na hapo ndipo wanapokuja wa kumchukua akafanye kazi za ndani mjini "kwa muda tu," au posa inaletwa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Ukiona jambo la namna hiyo kwa jirani, mtendaji wa kijiji au mtaa yupo, na simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bila malipo. Kabla hajaondoka nyumbani, binti awe amefundishwa habari za hedhi na kutumia pedi au vitambaa safi. Mama, shangazi au dada amweleze kwa upole. Na mvulana naye aelezwe kuhusu mwili wake. Wengi huachiwa wenzao kazi hiyo.

Wadogo wanaobaki

Nyumba ikimwangalia mkubwa, mdogo husahaulika. Yule wa darasa la pili aliyekuwa anashikwa mkono kuvuka barabara na kaka yake, Januari atavuka na nani? Mwambieni kabla shule hazijafungwa, na mumtafutie mwenzake wa njiani. Anayetoka awali kwenda darasa la kwanza aonyeshwe choo, maji ya kunywa na mlango wa darasa lake jipya. Kwake hizo ndizo habari kubwa. Anayeingia darasa la tatu atakaa shuleni muda mrefu kuliko alivyozoea, kwa hiyo azungumziwe kuhusu njaa ya mchana.

Wenye watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024 wana jambo lao la pekee. Hao ndio walioanza mtaala mpya wenye elimu ya msingi ya miaka sita, na watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wa darasa la saba nao wanamaliza. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Mtoto aelezwe kwamba hajarukishwa darasa wala hajapunjwa. Mzazi naye ajue kwamba akiba aliyodhani ana mwaka mmoja zaidi wa kuiweka itahitajika mapema.

Januari ikifika, tegemea uchovu. Wiki mbili za kwanza mtoto anaweza kurudi akiwa hataki kusema, au akalia kwa jambo dogo. Mpe chakula kwanza, maswali baadaye. Wiki ya tatu nenda shuleni bila kuitwa, umwone mwalimu wa darasa na, kama ni bweni, matroni au patroni. Waambie mtoto wako hupenda nini, huogopa nini, na hunyamaza vipi anapoumwa.