SOMO LA KUMI NA MBILI: KITU KIPYA KIKIHARIBIKA, SOMA DHAMANA YAKO



Sasa unajua kusoma risiti na kuandika barua fupi. Leo utatumia ujuzi huo kudai haki yako. Somo hili linahusu kitu kipya kinachoharibika mapema. Mfano wetu ni kompyuta. Lakini mambo utakayojifunza yanafaa pia kwa simu, redio, friji, pampu ya maji na taa ya mwanga wa jua.

Dhamana ni nini?

Dhamana ni ahadi. Mtengenezaji au mwenye duka anasema hivi: "Kitu hiki kikiharibika chenyewe katika muda huu, nitakitengeneza au nitakupa kingine bila malipo." Madukani watu wengi huiita waranti. Ahadi hii huandikwa kwenye karatasi, na muda wake huandikwa pia. Kompyuta mpya nyingi hupewa mwaka mmoja. Betri na chaja mara nyingi hupewa muda mfupi zaidi. Kitu kilichokwisha kutumika huweza kupewa muda mfupi sana, au kisipewe dhamana kabisa.

Angalia maneno haya: kikiharibika chenyewe. Dhamana nyingi hazihusu kitu kilichoanguka, kilichoingia maji, kilichoungua kwa umeme uliozidi, au kilichofunguliwa na fundi asiyeruhusiwa.

Sisi wa pwani tuangalie sana jambo hili. Raskazone ni rasi iliyoingia baharini. Upepo wa bahari huleta chumvi na unyevu, na chumvi hula chuma. Basi usiweke kompyuta karibu na dirisha linaloelekea baharini. Ifunike baada ya kazi. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu nao huua vifaa, tumia stabilaiza. Kitu chenye kutu kikifika dukani, mwenye duka atasema, "Hili si kosa la kiwanda." Nawe utashindwa kumjibu.

Mfano wa kikundi

Fikiri kwamba wewe ni katibu wa kikundi cha akina mama ishirini wa Raskazone, Tanga. Mnanunua samaki kwa wavuvi, mnawakaanga na kuwauza. Kila Jumamosi mnaweka akiba na kukopeshana. Mmenunua kompyuta mpya ya mezani katika duka moja mjini. Mnaandika humo hisa, mikopo na marejesho ya kila mwanachama.

Mwezi wa nne kompyuta inawaka, lakini haifunguki. Ndani yake inasikika sauti ya kugonga: tak, tak, tak. Kwenye kioo yanatokea maandishi kwamba diski haionekani.

Diski ni kifaa kidogo kilichomo ndani ya kompyuta. Hilo ndilo ghala lake. Kila unachoandika na kukihifadhi huwekwa humo. Diski ikifa, kompyuta ni kama duka lililofungwa na ufunguo umepotea.

Wanachama wanaingiwa na wasiwasi. Fedha zimo katika sanduku lenye kufuli tatu. Lakini nani amekopa? Nani amelipa? Kiasi gani? Mmoja anasema, "Tumwite kijana wa jirani aifungue." Mwingine anasema, "Tununue diski nyingine, tumalize maneno." Wewe katibu ufanye nini?

Usifungue mashine

Kwanza, zima kompyuta. Usimwite kijana wa jirani, hata kama ni fundi hodari. Tazama nyuma ya kompyuta. Mara nyingi kuna karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya parafujo au mahali mfuniko unapokutana na sanduku. Karatasi hiyo ni muhuri. Ikichanika, mwenye duka atajua kwamba mashine imefunguliwa, naye anaweza kukataa dhamana.

Pili, usikimbilie kununua diski nyingine. Kama dhamana bado ina nguvu, mtakuwa mmelipa mara mbili.

Tatu, tafuta karatasi zako. Unahitaji vitu vitatu:

1. Risiti. Hii inaonyesha kwamba ulinunua, tarehe gani na kwa bei gani.

2. Karatasi ya dhamana. Soma muda wake na masharti yake. Angalia kama ina muhuri wa duka na tarehe.

3. Namba ya mashine. Imeandikwa nyuma au chini ya kompyuta, baada ya herufi S/N. Namba hii ni kama jina la mashine yako peke yake. Ilinganishe na namba iliyo kwenye karatasi ya dhamana. Kwa simu, bonyeza *#06# na namba yake itatokea kwenye kioo. Ina tarakimu 15.

Risiti hufutika

Tangu mwaka 2010 wafanyabiashara wengi Tanzania wametakiwa kutoa risiti za mashine, zile za EFD. Sheria inamtaka mwenye duka atoe risiti, na inamtaka mnunuzi aidai. Watu wengi hudhani risiti ni ya kodi tu. Sivyo. Risiti ni shahidi wako pia.

Lakini shahidi huyu ana udhaifu. Maandishi ya risiti ya mashine hayakuandikwa kwa wino. Yametokana na joto kwenye karatasi ya namna yake. Ukiiweka juani, au ukiifunga kwenye pindo la kanga miezi sita, utaikuta nyeupe kama haikuandikwa kitu. Kwa hiyo, siku ile ile ya kununua, nenda steshenari ukatoe kivuli chake. Weka risiti na kivuli ndani ya bahasha, mahali pakavu, mbali na joto.

Dukani

Peleka kompyuta dukani mapema. Usingoje muda wa dhamana ukaribie kwisha. Chukua mwanachama mmoja awe shahidi. Ongea kwa upole, lakini toa karatasi zako. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Kompyuta yetu imekataa kufunguka. Tuliinunua hapa tarehe 8 Machi. Dhamana yake ni mwaka mmoja. Risiti hii, karatasi ya dhamana hii."

"Mama, labda mmeiangusha."

"Haikuanguka. Tazama, muhuri haujachanika. Mwite fundi wenu aipime mbele yetu."

Fundi wa duka atafungua mashine, atoe diski yenu na kuweka nyingine iliyo nzima. Kompyuta ikifunguka vizuri, ni dalili kwamba kasoro iko kwenye diski. Hapo utaelewa kwa nini mara nyingi hamtapewa kompyuta nyingine nzima. Mtapewa diski mpya tu, na hiyo ni haki, kwa sababu sehemu nyingine zinafanya kazi.

Pengine duka litasema diski lazima ipelekwe Dar es Salaam kwa wakala wa mtengenezaji. Huo ni mwendo wa kilometa zipatazo 350, na majibu yanaweza kuchukua siku nyingi. Kubali, lakini usiondoke mikono mitupu. Omba karatasi ya kupokelea iliyoandikwa mambo haya: kitu kilichopokelewa, namba yake, kasoro yake, tarehe, siku ya kurudi, na jina na sahihi ya aliyepokea. Usiwaachie risiti yako halisi. Wape kivuli.

Ukipewa diski mpya, uliza swali moja zaidi: "Dhamana ya hii ni mpaka lini?" Mara nyingi huendelea kwa siku zilizobaki tu, haianzi upya. Jibu liandikwe.

Duka likikataa

Katika maduka mengine utaona maneno ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Usitishike. Maneno ya ukutani si ruhusa ya kuuza kitu kibovu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kuifanya, nawe ukategemea ujuzi wake, kitu anachokuuzia kiifae kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamlinda mlaji. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, iitwayo FCC kwa kifupi. Tume hiyo hupokea malalamiko ya walaji.

Kabla ya kufika huko, andika barua kwa duka. Neno la mdomo husahaulika. Barua hubaki. Soma barua hii ya mfano:

Kikundi cha Akina Mama Wauza Samaki,
Raskazone,
S.L.P. ............,
TANGA.
14 Julai, 2025

Meneja,
Duka la ........................,
TANGA.

Ndugu,

YAH: DHAMANA YA DISKI YA KOMPYUTA

Tarehe 8 Machi, 2025 tulinunua kompyuta dukani kwako kwa risiti namba ............ Namba ya kompyuta ni ............ Dhamana yake ni mwaka mmoja.

Tarehe 12 Julai, 2025 diski yake iliacha kufanya kazi. Kompyuta haikuanguka, haikuingia maji, wala haikufunguliwa na mtu.

Tunaomba ututengenezee au utubadilishie diski hiyo bila malipo, kama dhamana inavyosema. Tunaomba majibu kwa maandishi katika siku 14. Vivuli vya risiti na dhamana vimeambatishwa.

Wako,
(Sahihi)
Katibu wa Kikundi

Andika barua hiyo nakala mbili. Moja waachie. Nyingine waombe waigonge muhuri na kuandika tarehe ya kuipokea, kisha rudi nayo. Kama siku 14 zitapita bila jibu, chukua nakala hiyo na vivuli vyako, uende kwa afisa biashara wa Halmashauri ya Jiji akushauri, au upeleke malalamiko Tume ya Ushindani. Mtu mwenye karatasi husikilizwa.

Jihadhari na vitu bandia

Dhamana ina maana kama mtoa ahadi yupo. Kitu bandia hakina kiwanda kinachokubali kuwa ni chake. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini kote. Walionunua kwa bei ya chini wakabaki na simu zisizopiga wala kupokea. Basi ukiuziwa kompyuta au simu kwa bei ya ajabu, bila risiti, na muuzaji akakwambia "mimi nipo hapa kila siku", ujue huna dhamana. Una maneno tu.

Dhamana hairudishi maandishi

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote. Diski mpya ikija, itakuwa tupu. Dhamana hukupa kifaa. Haikupi hesabu zilizokuwa ndani yake. Majina ya wanachama, hisa zao na mikopo yao havimo katika ahadi ya duka. Wapo mafundi wa kufufua maandishi kutoka diski iliyokufa, lakini kazi hiyo ni ghali na pengine haifaulu.

Kwa hiyo msitupe daftari kwa sababu mmepata kompyuta. Kila Jumamosi, kabla ya kufunga sanduku, katibu aandike hesabu katika daftari, na mweka hazina atie sahihi. Kisha hesabu za kompyuta zinakiliwe katika flashi, nayo ikae nyumba nyingine, isikae pamoja na kompyuta. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Walisema hivyo kabla ya kompyuta, na neno lao bado ni kweli.

Kikundi chenye daftari kitapata diski mpya na kuandika hesabu upya kwa siku mbili au tatu. Kikundi kisicho na daftari kitapata diski mpya na ugomvi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Dhamana: ahadi ya kutengeneza au kubadilisha kitu bila malipo katika muda uliowekwa.
Kasoro: ubovu au upungufu wa kitu.
Kivuli: nakala ya karatasi iliyotolewa kwa mashine.
Masharti: mambo ambayo lazima yafuatwe.
Mlaji: mtu anayenunua na kutumia bidhaa.

MASWALI

1. Taja vitu vitatu unavyohitaji unapodai dhamana.
2. Kwa nini si vizuri kumpa fundi wa jirani afungue kompyuta yenye dhamana?
3. Risiti ya mashine hufutika kwa sababu gani? Utaikingaje?
4. Diski mpya inakuja na nini, na inakuja bila nini?

KAZI YA DARASA

Kila mmoja alete risiti moja kutoka nyumbani. Isomeni pamoja. Ina tarehe? Ina jina la duka? Maandishi bado yanaonekana? Kisha andika barua ya kudai dhamana ya redio iliyonyamaza mwezi wa pili baada ya kununuliwa. Msomee jirani yako darasani, naye akuambie kama ameielewa.