Somo la 12: Baiskeli Katika Nchi ya Mlima



Wewe unayeishi kando ya Mlima Meru unajua kwamba kwetu njia tambarare ni chache. Ukienda sokoni unateremka. Ukirudi nyumbani unapanda. Katika somo hili tutajifunza namna ya kusafiri kwa baiskeli katika nchi ya namna hiyo bila kuumia na bila kuchoka kupita kiasi.

1. Namba za njiani

Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari. Jiji la Arusha liko chini ya mlima huo, upande wa kusini, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi. Usa River iko upande wa mashariki, kwenye barabara ya Moshi. Kimo chake ni mita 1,200 hivi.

Soma tena namba hizo. Tofauti yake ni mita 200. Mtu anayetoka Arusha asubuhi kwenda Usa River anateremka, ingawa atakuta vilima hapa na pale. Miguu ina nguvu na upepo unampoza. Anafikiri safari ni rahisi. Jioni, akiwa amechoka, ndipo anapodaiwa zile mita 200.

Mkulima wa kijiji cha juu anayepeleka ndizi kwenye soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi ana shida nyingine. Yeye anateremka akiwa na mzigo mzito nyuma. Mzigo huo unaisukuma baiskeli kwa nguvu. Kwa hiyo hatari yake kubwa iko asubuhi, na uchovu wake uko jioni.

2. Mwalimu aliyeshindwa kusoma

Mimi pia nilifundishwa na mteremko. Siku moja wakati wa masika nilikuwa nikienda kutembelea darasa moja la watu wazima. Nyuma ya baiskeli nilifunga furushi la vitabu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilipofika kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, nilibana breki. Baiskeli haikupunguza mwendo. Nilibana tena kwa nguvu zote. Wapi! Mbele yangu palikuwa na daraja jembamba, na mama mmoja alikuwa akivuka na ndoo ya maji kichwani.

Sikuwa na njia nyingine. Nilikata kona nikaingia kwenye mtaro wa shamba la kahawa. Kiwiko kilichubuka hadi nyama ikaonekana. Vitabu vililowa matope. Mama yule hakuguswa, namshukuru Mungu.

Nilifika darasani nikiwa nachechemea. Nikawaamkia wazee, nikawaeleza yaliyonipata. Mzee mmoja, ambaye alikuwa amejua kusoma mwaka ule ule, alitoka nje akaitazama baiskeli yangu. Akaigusa mipira ya breki. Ilikuwa imelika, kimebaki chuma kitupu. Akarudi akasema:

"Mwalimu, sisi umetufundisha kusoma vitabu. Mbona wewe hukuisoma breki yako?"

Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, lakini maneno yale sijayasahau.

3. Isome baiskeli kabla ya kuondoka

Kabla ya kupanda baiskeli, ikague kutoka mbele hadi nyuma.

Kwanza, tazama breki. Mipira minne ya breki iwe minene, na iguse rimu sawasawa. Bana breki ya mbele, kisha isukume baiskeli. Gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Breki moja haitoshi katika nchi ya mlima.

Pili, bonyeza matairi kwa kidole gumba. Tairi lenye upepo mdogo hukuchosha unapopanda, na tyubu hutoboka upesi penye mawe.

Tatu, tazama mnyororo. Ukiwa mkavu au una kutu, utie mafuta kidogo. Ukiwa umelegea sana, mpelekee fundi aukaze.

Nne, tikisa usukani, pedali na keria. Kitu kinacholegea kikazwe pale pale. Funga mzigo kwa kamba imara, uzito uwe sawa kulia na kushoto.

Chukua pampu, viraka, gundi na maji ya kunywa. Upande wa kusini wa mlima, penye migomba na kahawa, mvua ni nyingi na mito ni mingi. Lakini ukizunguka kwenda Oldonyo Sambu au Ngarenanyuki, utakuta nchi kavu yenye vumbi. Huko usitegemee kupata maji njiani.

4. Namna ya kupanda

Usiukimbilie mlima. Anza polepole, ili ukifika katikati uwe bado na pumzi. Mtu anayeweza kuzungumza huku akikanyaga pedali yuko katika mwendo mzuri. Akishindwa kuzungumza, mwendo umezidi.

Miguu ikikataa, shuka usukume. Wako watu wanaoona haya kufanya hivyo. Nchini Ufaransa kuna mashindano makubwa sana ya baiskeli yaliyoanza mwaka 1903. Mwaka 1910 washindani walipitishwa kwenye njia ya mlimani iitwayo Tourmalet, yenye kimo cha mita 2,115. Hao walikuwa mabingwa, lakini baadhi yao walishuka wakasukuma. Wakati ule hawakuwa na gia za kubadilisha kama za siku hizi. Gia hizo ziliruhusiwa katika mashindano yale mwaka 1937. Basi wewe mwenye mzigo wa ndizi uone haya ya nini?

Tena, hesabu inaweza kukusaidia. Hesabu meno ya gurudumu la mnyororo lililo kwenye pedali. Kisha hesabu meno ya kigurudumu cha nyuma. Tuseme mbele kuna meno 48, na nyuma kuna meno 16.

48 ÷ 16 = 3

Maana yake, ukizungusha pedali mara 1, gurudumu la nyuma linazunguka mara 3. Katika baiskeli kubwa, gurudumu likizunguka mara 1 husogea kama mita 2.2. Kwa hiyo unasogea mita 6.6. Huo ni mwendo mzuri wa tambarare, lakini mlimani ni mzito.

Sasa tuseme fundi amekufungia kigurudumu cha nyuma chenye meno 24.

48 ÷ 24 = 2

Sasa kila ukizungusha pedali mara 1 unasogea mita 4.4. Unakwenda umbali mdogo zaidi, lakini miguu inaona wepesi. Zungumza na fundi wako kabla ya kununua, kwa sababu huenda mnyororo ukahitaji kuongezwa urefu.

5. Namna ya kuteremka

Hapa ndipo watu wanapoumia. Mlima unaopanda hukutoa jasho tu. Mlima unaoteremka unaweza kukutoa roho.

Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza. Ukingoja baiskeli ishike kasi, umechelewa. Tumia breki zote mbili. Usibane breki ya mbele ghafla peke yake, maana unaweza kurushwa kupita juu ya usukani.

Rimu ya chuma ikilowa, breki hushika kidogo sana. Kwa hiyo wakati wa mvua anza kubana mapema, upanguse maji kwenye rimu. Penye utelezi, au penye daraja jembamba, shuka utembee. Usiteremke na mtoto kwenye keria pamoja na mzigo. Shuka, mshushe mtoto, nanyi mtembee hadi chini.

Kwenye barabara kuu ya Arusha na Moshi, pita upande wa kushoto, usikae katikati. Magari ni mengi, na dereva anayekuja nyuma hajui kwamba breki yako imelika. Usiku uwe na taa mbele na kiakisi nyuma. Na kama njia yako inapita Ngurdoto, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha, simama getini uwaulize askari. Nyati wa huko hasikii kengele.

6. Mambo ya kukumbuka

Siku hizi wageni kutoka Ulaya huja kwetu kutembea kwa baiskeli kuzunguka vijiji vya mlimani, kama watu wanavyofanya katika vilima vya Ufaransa. Wao wanatafuta mandhari. Wewe unatafuta soko, zahanati, au nyumba ya shemeji. Lakini mteremko ni ule ule kwa wote. Mipira mipya ya breki haina bei kubwa ukilinganisha na mguu uliovunjika wakati wa kulima. Isome baiskeli yako leo, kabla njia haijakusomea.

Maneno ya kujifunza

kiakisi: kitu kinachorudisha mwanga wa taa za gari
rimu: chuma cha mviringo kinachoshika tairi
mtaro: mfereji wa kupitisha maji
kuchechemea: kutembea kwa kuegemea mguu mmoja

Maswali

1. Kwa nini safari ya kurudi Arusha kutoka Usa River ni ngumu kuliko ya kwenda?
2. Mzee alimwambia mwalimu nini? Alikuwa na maana gani?
3. Baiskeli ina meno 44 mbele na meno 22 nyuma. Ukizungusha pedali mara 1, gurudumu la nyuma litazunguka mara ngapi?
4. Kwa nini tunabana breki mapema wakati wa mvua?

Kazi ya darasa

Siku ya somo lijalo, kila mwenye baiskeli aje nayo. Kagueni breki zote pamoja. Andikeni kwenye daftari jina la kila mwenye baiskeli na kitu kinachohitaji kutengenezwa. Baada ya wiki mbili, someni orodha hiyo tena, mwone nani ametengeneza.