KUJUA KUPOKEA

Mtu anayetoa husifiwa na wote. Akifa, watu husimulia kwenye kilio jinsi alivyowalisha wageni na kuwavika yatima. Mtu aliyejua kupokea vema hakuna amsifuye. Watoto nao hawafundishwi jambo hilo, ila kunyosha mikono miwili na kusema asante. Tena wako walioshika neno la Bwana Yezu ambalo Mtume Paulo aliwakumbusha wazee wa Efeso pale Mileto, kwamba kutoa kuna heri kuliko kupokea, nao wamelifanya fimbo ya kuwadharau wanaopewa. Lakini Bwana hakusema kwamba mwenye kupokea hana heri. Na kama wote wakikataa kupokea, ni nani atakayeipata heri ya kutoa?

Mfano huu utaeleza. Mtu mmoja wa kando ya Ziwa Tanganyika ni mvuvi hodari. Ana mtumbwi wake, nyavu zake, na baiskeli. Kwenye kilio huleta kapu zima la ndagala. Mgonjwa akihitaji kupelekwa mbali, ndiye anayembeba kwa baiskeli, wala haombi malipo. Siku moja mke wake, mwenye mimba, anashikwa na homa. Mjane jirani, ambaye mara nyingi amepewa samaki katika nyumba ile, anakuja na mayai mawili na unga kidogo wa muhogo katika kikapu. Mvuvi anamrudishia kikapu mlangoni, akicheka kwa upole: «Mama, kula mwenyewe. Hapa hatukosi kitu.»

Anadhani amemhurumia. Kumbe amemwambia neno jingine: kazi yako wewe ni kupewa tu. Mjane anarudi kwake kichwa chini, na tangu siku ile akikosa chumvi huupita mlango ule na kwenda kuomba mbali.

Baada ya siku tatu homa inazidi usiku. Mvua imeharibu njia, baiskeli haipiti. Wanatakiwa wanaume wanne wa kubeba kipoyi mpaka hospitali. Wanaume hao wamelala katika nyumba za jirani, na kila mmoja wao amekula samaki wa mvuvi yule. Naye haendi kubisha. Tangu azaliwe hajabisha mlango wa mtu kwa kuomba, hata maneno ya kuanzia hayajui. Anangoja kupambazuke. Mjane ndiye anayesikia mgonjwa akiugua, naye ndiye anayewaamsha wanaume. Mama anafika hospitali yu hai. Mtoto amekwisha kufa tumboni.

Mtu yule si mbaya, na ukarimu wake si wa uongo. Lakini ndani ya ukarimu huo kiburi kimeingia kama mchwa ndani ya nguzo, ambayo kwa nje ingali imesimama. Anayetoa daima yuko juu, na anayepewa yuko chini. Mvuvi amezoea kukaa juu, naye hajui tena kushuka.

Mtume Petro alikuwa na ugonjwa huo. Injili ya Yoane, katika sura ya 13, yasimulia jinsi Bwana Yezu alivyoondoka mezani, akajifunga kitambaa, akaanza kuwaosha mitume miguu, kazi iliyokuwa ya watumishi. Petro alikataa. Pengine alidhani kwamba kukataa ni heshima. Bwana akamjibu kwamba asipooshwa hatakuwa na fungu pamoja naye. Jibu kali kwa mtu aliyekuwa tayari kumfia. Kisha Bwana akawaagiza wote waoshane miguu. Wengi hulisikia agizo hilo nusu tu. Ili watu waoshane, mmoja hana budi kuinama, na mwingine hana budi kukaa na kuutoa mguu wake, ukiwa na vumbi na vidonda vyake vyote. Na kuna watu ambao kwao kuinama ni rahisi kuliko kuonyesha mguu.

Bwana Yezu mwenyewe, ambaye vyote ni vyake, alipokea maisha yake yote. Alifundisha makutano akikaa katika mtumbwi wa Simoni. Aliingia Yeruzalemu juu ya punda wa kuazima, akala Pasaka katika chumba cha mtu mwingine, akazikwa katika kaburi la Yosefu wa Arimataya. Luka, katika sura ya 8, amewataja wanawake waliomsaidia kwa mali yao, yeye na mitume: Maria Magdalena, Yoana mke wa Kuza, Suzana, na wengine wengi. Na kwenye kisima cha Yakobo, mbele ya mwanamke Msamaria ambaye Wayahudi walimwepuka, hakuanza kwa kumpa kitu wala kwa kumhubiri. Alianza kwa kumwomba maji ya kunywa. Mwanamke akashangaa, maana yeye aliyedharauliwa ameonekana kuwa na kitu ambacho mwingine anakihitaji.

Lakini si kila zawadi ipokelewe. Kitabu cha pili cha Wafalme chamwonyesha nabii Elisha katika mambo mawili yanayofuatana. Mwanamke wa Shunemu alimjengea chumba juu ya nyumba yake, akamwekea kitanda, meza, kiti na taa. Elisha akaingia, akalala humo bila kuona haya. Baadaye Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma, alimletea mali nyingi. Elisha akakataa kabisa. Mwanamke alitoa kwa upendo, naye Elisha alikuwa mgeni na mwenye kuchoka. Naamani alitaka kulipia neema ya Mungu, nayo haina bei. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alimkimbilia nyuma na kuchukua fedha, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Kwa hiyo mwamuzi anayeletewa mbuzi kabla ya shauri, au baba anayepewa nguo na mtu anayemvizia binti yake, asiseme kwamba amejifunza kupokea. Zawadi ya namna hiyo ni kamba.

Zawadi ya upendo hupokelewa bila kupimwa na bila haraka ya kuirudisha. Ni desturi nzuri kwamba kikapu cha jirani hakirudi kitupu. Lakini mwenye kukirudisha jioni ileile, kimejaa kupita kilivyokuja, amelipa deni, hakupokea. Na zawadi si chakula peke yake. Mzee ambaye hajui kusoma, na mjukuu wake anajua, aketi karibu naye amwonyeshe herufi. Mume asikie shauri la mke wake. Mwenye kosa akubali kuonywa, hata na mdogo wake.

Mkatekumeni ana sababu kubwa kuliko wengine ya kujifunza jambo hili, kwa maana hakuna mtu anayejibatiza. Atainamisha kichwa, na mwingine atamwagia maji. Kitambaa cheupe na mshumaa unaowaka atapewa. Padri mwenyewe hawezi kujiondolea dhambi zake. Hata Baba Mtakatifu huungama kwa padri mwingine. Zamani, katika Kanisa la Afrika ya Kaskazini, Mtakatifu Agostino alipokuwa askofu wa Hipo, wakatekumeni waliokaribia ubatizo hawakusomeshwa Kanuni ya Imani katika karatasi. Walipewa kwa mdomo wa askofu, wakaipokea kwa masikio na kuitunza moyoni. Baada ya siku chache kila mmoja aliirudisha kwa kuisema bila kusoma. Agostino mwenyewe, mwalimu mwenye sifa, alikuwa ameinama hivyo mbele ya Askofu Ambrosio, aliyembatiza huko Milano katika Pasaka ya mwaka 387.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Kila mkatekumeni amwendee mtu mmoja aliye maskini kuliko yeye, amwombe kitu ambacho kweli anakihitaji: moto, mbegu, au msaada wa saa moja shambani. Asichukue zawadi mkononi anapokwenda. Jumapili, mbele ya katekista, kila mmoja ataeleza aliomba nini, na ni neno gani lililokuwa gumu kutamka.